Nyumba Nyuma ya Watu

Evariste Kakule ni fundi seremala. Alizaliwa Butembo, akaja Goma akiwa kijana akifuata kazi, na tangu hapo harudi kwao ila kwa misiba na harusi. Karakana yake iko Katoyi, kibanda cha bati kando ya njia, na watu wa mtaa wanamjua kwa vitanda na makabati. Si mtu wa maneno mengi. Ukimwagiza meza, atakuuliza itakaa wapi, nani ataitumia, na mlango wa kuipitisha una upana gani, kisha atanyamaza mpaka siku ya kukuletea.

Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilikuwa Buhene, kaskazini mwa mji, upande ule ambao volkano ilishukia mwezi wa tano mwaka wa 2021. Ilikuwa nyumba ya mbao, na barza ya kupumzikia mbele, na paa la bati lililopiga kelele sana wakati wa mvua. Aliijenga kidogo kidogo, chumba kimoja kikifuata kingine kadiri watoto walivyozaliwa. Jioni ile mlima ulipowaka, yeye na mkewe Rosine waliwachukua watoto pamoja na mama mzazi wa Rosine, ambaye watoto walimwita Koko, wakatoka na kile walichoweza kubeba. Simu ya Evariste ilibaki ukutani kwenye chaja. Waliporudi kuangalia, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mawe meusi yaliyokuwa bado yanafuka moshi, na walisimama hapo wakishindwa kukubaliana jiko lilikuwa upande gani.

Walipanga nyumba Katoyi, karibu na karakana. Koko alifariki huko kabla ya Krismasi. Hakuugua muda mrefu. Alikuwa mzee, na baada ya kukimbia hakupata tena nguvu za kutembea vizuri. Tangu mazishi yale, Rosine aliacha kuitaja Buhene. Mtu akianza kuzungumza habari za kule, yeye alipata kazi ya kufanya uani.

Mambo yakakaa hivyo kwa miaka. Kisha siku moja mtoto wao wa mwisho, Victoire, ambaye wakati wa volkano alikuwa bado anabebwa mgongoni, alirudi kutoka shuleni na kazi ya kuchora. Mwalimu aliwaambia watoto wachore nyumba walimozaliwa. Victoire alilala kifudifudi kwenye sakafu na penseli zake za rangi, akachora paa, akachora ukuta, akafika kwenye mlango na kusimama.

"Papa," akauliza, "nyumba yetu ya Buhene ilikuwa na mulango ya rangi gani?"

"Bleu," Evariste akajibu bila kufikiri.

Rosine alikuwa anakaanga sambaza karibu na mlango. Hakugeuka. "Kijani," akasema.

Mtoto akamwangalia baba, akamwangalia mama. Evariste akarudia kwamba ilikuwa bleu, rangi ya buluu, kwani mlango ule aliuranda mwenyewe na kuupaka mwenyewe. Rosine akasema tena kijani, kwa sauti ileile, akaendelea kugeuza samaki. Mwishowe Victoire aliuacha mlango mweupe, akapeleka mchoro shuleni hivyohivyo.

Jambo hilo lilimsumbua Evariste kuliko alivyotarajia. Alikuwa akiranda ubao na ghafla anaona mlango, na kila alipouona ulikuwa bleu. Lakini alimjua mkewe, si mtu wa kusema kitu asichokuwa na hakika nacho. Kama wao wawili waliolala mle ndani hawapatani juu ya mlango, yeye alijiuliza, basi Victoire atabaki na nini? Atabaki na neno Buhene tu, kama mtu anavyojua jina la babu aliyekufa kabla hajazaliwa.

Hawakuwa na picha hata moja. Simu yake iliungua, na ya Rosine wakati ule ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Kwa hiyo akaanza kuwaandikia ndugu. Mdogo wake Olivier, aliyekaa Butembo, alikuwa amekuja Goma kwa komunyo ya kwanza ya Prodige, mtoto wao mkubwa, na alirekodi sherehe. Binamu yake Clarisse wa Kiwanja aliwahi kukaa kwao wiki nzima, akipenda kuwarekodi watoto wakicheza, hata mbuzi aliyepanda juu ya kiti. Wengine walikuwa na kipande cha hapa na pale: siku ya kuzaliwa, ziara ya Jumapili. Vipande vikaanza kuingia kwenye simu yake kimoja baada ya kingine, vingine vikisumbua kwa siku mbili kabla ya kufunguka, maana mtandao wa huko ulikuwa wa kubahatisha.

Alivitazama karakanani, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuinua simu ili airekodi nyumba. Wote walirekodi watu. Nyumba ilikuwa nyuma yao tu: kipande cha ukuta kati ya mabega mawili, pembe ya dirisha juu ya kichwa cha mtoto, nguzo ya barza ambayo mtu ameiegemea. Alipomweleza Rosine anachokusanya, alimwomba naye awaulize ndugu zake. Rosine alikataa.

"Ile kitu imekufa, Papa Prodige," alisema. "Uiache ilale."

Evariste hakubishana naye. Lakini hakuacha.

Siku zile alikuwa anamtengenezea rafu dada mmoja anayeitwa Jolie, mwenye studio ndogo ya kurekodi harusi. Alipopeleka rafu, alimkuta Jolie mbele ya kompyuta akiwapunguza watu wa harusi, akimkata mjomba aliyehutubia kupita kiasi. Evariste alisimama nyuma yake na nyundo mkononi, akatazama mpaka Jolie akamuuliza kama kuna tatizo. Ndipo akamweleza habari ya nyumba na vile vipande. Jolie alimsikiliza, kisha akamwonyesha kompyuta ya zamani iliyokuwa pembeni chini ya kitambaa. Humo kulikuwa na programu rahisi ya kuunganisha video, ile ambayo yeye alijifunzia. Alimwambia aje mchana, saa ambazo wateja ni wachache, naye atamwonyesha mara moja. Baada ya hapo itabidi ajitafutie.

Ndivyo Evariste alivyoanza kujifunza montage, kazi ya kukata na kuunganisha video, akiwa na mvi kichwani na vumbi la mbao kwenye kope. Kilichomshinda mwanzoni ni ile panya ya kompyuta. Mkono uliozoea randa uliisukuma kwa nguvu mno, na mshale ukaruka nje ya kioo. Baadaye alizoea. Chini ya kioo kulikuwa na mstari mrefu, na vipande vyake alivilaza juu ya mstari ule, kimoja kikigusana na kingine. Palikuwa na mkasi wa kukatia. Palikuwa na kitufe cha kurudisha ulichoharibu, na hicho alikipenda kupita vyote, kwa sababu katika kazi yake ubao uliokatwa vibaya haurudi.

Kosa lake la kwanza lilikuwa mapambo. Programu ilikuwa na namna nyingi za kutoka kipande kimoja kwenda kingine: picha inazunguka, inafunguka kama kitabu, inageuka moyo mwekundu. Yeye akaziweka zote. Jolie alipokuja kuona, aliweka mkono mdomoni.

"Papa Evariste," akasema kwa upole, "hii nyumba yako iko na kizunguzungu."

Akayaondoa mapambo yote siku hiyohiyo. Kilichobaki kilikuwa kikavu, lakini angalau ulijua unaangalia nini.

Alikuwa na wazo moja kichwani: anataka nyumba. Sherehe anazijua, watu anao. Basi katika kila kipande akatafuta mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama mbele ya ukuta, akakata, akatupa kilichobaki. Pale ambapo watu hawakuondoka, alitumia kitufe cha kukuza picha, akaisogeza mpaka mtu atoke nje ya kioo na libaki dirisha peke yake. Ilikuwa kazi ya subira na yeye ana subira. Siku kwa siku nyumba ilirudi: dirisha la chumba cha watoto, lenye kioo kilichopasuka pembeni, pipa la kukingia maji ya mvua, ngazi ya mawe mbele ya barza, ambayo alikuwa ameisahau kabisa mpaka alipoiona.

Mlango aliupata katika kipande cha Clarisse. Watoto walikuwa wanafukuzana, wakapita, na kwa muda mfupi mlango ulionekana mzima. Evariste aliusimamisha hapo. Juu ulikuwa bleu. Chini, kuanzia magotini kwenda chini, ulikuwa kijani. Alikaa mbele ya kioo akijaribu kukumbuka, na polepole akapata jibu: mvua ilikuwa imeozesha ubao wa chini, naye akaweka mwingine uliobaki kwenye kabati la mteja, tayari umepakwa rangi. Lazima ndivyo ilivyokuwa. Lakini siku yenyewe ya kuutengeneza hakuikumbuka hata kidogo. Mikono yake ilifanya kazi ile, na kichwa hakikubaki na chochote.

Jioni alipomwambia Rosine, mkewe alicheka, kwa mara ya kwanza habari za Buhene zilipotajwa. Alisema yeye alikuwa anapikia pale chini, mbele ya mlango, siku zote za jua. Rangi aliyokuwa anaiona ilikuwa ile ya chini. Kisha akasimama akaenda kuanua nguo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Video ilikuwa inakaribia kuisha pale ilipomharibikia. Kompyuta ya Jolie ilionyesha onyo kwamba imejaa. Evariste, ambaye hapendi kuwa mzigo kwenye nyumba ya mtu, aliona vipande vyake vimejipanga kwenye folda yao, vikubwa, vikichukua nafasi. Na kwa kuwa aliamini tayari vimo ndani ya programu, akavifuta. Akavifuta na kwenye simu yake, ambayo nayo ilikuwa imejaa. Alimwaga mpaka pipa la takataka la kompyuta, akafunga, akamshukuru Jolie, akarudi kazini akijiona mtu mstaarabu.

Kesho yake alipofungua, mstari ulikuwa palepale na vipande vyake kwa mpangilio wake, lakini kila kipande kilikuwa mraba mweusi.

Alidhani ni umeme. Alizima, akawasha. Weusi ukabaki. Jolie alipokuja, alielewa kabla hajakaa. Alimweleza polepole, maana aliona uso wake, kwamba programu haihifadhi picha ndani yake. Inakumbuka tu mahali picha ilipo na wapi umekata. Ukiiondoa picha pale ilipo, programu inabaki inajua njia ya kwenda, lakini ikifika haikuti kitu.

 Baadaye Evariste alimwambia Jolie kwamba wakati ule aliona tena yale mawe meusi, na yeye amesimama juu yake akitafuta jiko.

Hata hivyo halikuwa jambo la kufa. Ndugu walikuwa bado na vipande vyao. Aliwaandikia tena kwa aibu, nao wakamtumia tena, Clarisse wa kwanza. Aliyekosa ni Olivier. Simu yake ilikuwa imejaa, akaeleza kwa sauti ya kujuta. Alipoona kaka yake amekwisha pokea sherehe ya komunyo, aliifuta upande wake. Na hicho ndicho kilikuwa kipande kirefu kuliko vyote, kile kinachozunguka nyumba nzima, kutoka barza mpaka uani. Bila hicho, nyumba ilibaki na upande mmoja.

Evariste alifika nyumbani mapema siku hiyo. Rosine alikuwa anachagua viazi vya Kibumba, akitenga vilivyoumia. Alimwambia yaliyotokea kwa maneno machache, bila kutaka chochote kwake, kama mtu anavyosema mvua imenyesha kazini. Rosine alimaliza viazi vilivyokuwa mapajani. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani, akarudi na simu yake, akaketi kwenye benchi karibu naye.

"Ninayo," alisema.

Alikuwa amemwomba Olivier amtumie, wiki ileile mumewe alipoanza kukusanya. Alimwomba pia asimwambie mtu. Tangu wakati huo alikuwa anaitazama peke yake, watoto wakiwa shuleni, sauti akiwa ameipunguza.

Akaibonyeza. Muziki ukaanza, watu wakicheza uani, Prodige katika shati jeupe lililomzidi. Evariste alikuwa amekipitia kipande hiki mara nyingi kwa Jolie. Alijua kila sekunde ya ukuta wake. Rosine alingoja, kisha akaweka kidole kwenye kioo. Pembeni, kando ya mlango, juu ya kigoda, ameketi Koko na ungo wa maharagwe. Wachezaji wanapita mbele yake, anafichika, anaonekana tena, mikono yake haisimami. Halafu anainua kichwa, anamwangalia yule anayerekodi, na midomo yake inasema kitu ambacho muziki unakifunika. Kisha anarudi kwenye maharagwe yake.

"Anamuambia Olivier aache simu akuje kula," Rosine alisema. "Nilikuwa nimesimama pale. Nilimusikia."

Wakakitazama mpaka mwisho. Ndipo Rosine akamuuliza, bila ukali:

"Kwa video yako, yeye ulimuweka wapi?"

 Pale ndipo Evariste alipokuwa amekuza picha, akaisogeza kando mpaka ukabaki mwimo wa mlango na kipande cha ukuta. Ilikuwa moja ya sehemu alizojivunia, kwa sababu mbao zilionekana vizuri.

"Nilimutoa," akasema. "Nilikuwa nataka ukuta."

"Ukuta wa nini, Papa Prodige?" Rosine akauliza. "Ukuta wa nini kama mama hayuko?"

Hakulia, na Evariste anasema ingekuwa rahisi zaidi kama angelia. Alibaki ameshika simu mapajani. Evariste alifikiria juu ya zile siku zote za kuwasukuma watu nje ya kioo, shangazi huyu, mtoto yule, ili apate mbao. Na mbao, akajiambia, ndizo kitu pekee katika nyumba ile ambacho angeweza kukinunua tena. Alimuuliza mkewe kama atakubali kuja naye kwa Jolie. Rosine alisema viazi vinamngoja. Lakini kesho yake mchana alikuwa amevaa, yuko mlangoni.

Walianza upya. Jolie aliwapa kiti cha pili, akawaachia chumba. Na kazi ambayo Evariste aliifanya peke yake kwa ukimya sasa ikawa ya kubishana, kwa sababu Rosine alikuwa na maoni juu ya kila kipande. Evariste alitaka kuondoa pale Prodige anapolia kwa sababu ya kiatu kinachombana. Rosine akataka kibaki chote, na kilio chote. Rosine alitaka kumkata dada mmoja wa kanisani waliyekuja kukosana naye; Evariste akamwambia kwamba dada yule ndiye aliyeegemea nguzo, na nguzo ile haionekani mahali pengine. Rosine alimtazama yule dada kwa muda, akisema kumbe alikuwa mwembamba hivyo. Wakamwacha.

Kilichomshangaza Evariste ni jinsi nyumba ilivyokuwa kubwa zaidi safari hii. Alipokuwa anaionyesha peke yake, ilikuwa vipande vya mbao ambavyo mtu asingejua vinakutana vipi. Sasa mtoto anatoka mlangoni na bakuli, anakwenda uani, na wewe macho yako yanamfuata, na kwa kumfuata unajua jiko lilikuwa wapi. Hakuna aliyehitaji kueleza. Kwa njia hiyo walilipata jiko, wao wawili, na halikuwa upande ambao yeyote kati yao alidhani siku ile juu ya mawe.

Jolie alipendekeza wimbo. Alisema video ya nyumbani huwa inazimwa kelele na kuwekewa wimbo mzuri juu yake, watu wanapenda hivyo, na akawachezea mmoja wa dini, wa polepole. Ulikuwa mzuri. Rosine aliusikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akaomba warudishe sauti za mtoto aliyekuwa analia, na kuku, na mvua juu ya bati.

Kwa Koko walifanya kitu kimoja tu. Maneno yake yalikuwa hayasikiki, na alikuwa ameyasema kwa Kinande, lugha ya kwao, ambacho Victoire anakijua kwa shida. Rosine aliuliza kama inawezekana kuandika chini ya picha. Jolie aliwaonyesha mahali pa kuandika. Evariste alitafuta herufi moja moja, Rosine akimtajia: Olivier, acha simu, kuja ule. Walijaribu herufi kubwa, wakajaribu ndogo. Mwishowe wakachagua ndogo, nyeupe, ambazo hazikumgusa Koko wala ungo wake.

Safari hii, Jolie alipowafundisha kuihifadhi video nzima kama kitu kimoja kinachojitegemea, Evariste alimfanya arudie maelezo, kisha akaiweka kwenye simu yake, kwenye simu ya Rosine, kwenye kompyuta ya Jolie, na kwenye ufunguo mdogo wa USB wa kuchomeka kwenye televisheni.

Waliitazama siku ya Jumapili baada ya misa. Rosine alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na wali. Prodige, ambaye sasa ni kijana mwenye sauti nzito, alijifanya hajali mpaka alipojiona analilia kiatu, na dada zake wakamshika mabega asikimbie. Alikuwepo pia mgeni mmoja. Marie-Claire, ambaye wao humwita Mama Ushindi, ni mjane mwenye asili ya milima ya Masisi. Kule Buhene walitenganishwa naye na ua wa matete tu. Siku hizi anaishi kwa dada yake, upande wa Lac Vert, na alikuwa amekuja mjini kanisani, akapita kuwasalimu. Hakujua habari za video. Alikaribishwa chakula, akakaa kwenye kiti kilichobaki.

Victoire alikaa chini karibu kabisa na kioo. Aliuliza kila mtu ni nani. Aliposoma maneno chini ya Koko, aliyasoma kwa sauti, kwa kusitasita kama msomaji mgeni, na Rosine akatazama dirishani. Baadaye akauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Prodige alimwonyesha: mgongoni kwa mama, ndani ya kitenge, kinaonekana kisogo tu. Mtoto alikiangalia kisogo kile kwa makini.

"Sikumbuki," akasema.

"Hata mimi mingi nilisahau," baba yake akamjibu. "Tutakuwa tunaangalia pamoja."

Ilikuwa karibu na mwisho, katika kipande cha Clarisse cha yule mbuzi, ambapo Mama Ushindi aliweka sahani chini. Mbuzi anapanda juu ya kiti, watoto wanapiga kelele, Clarisse anacheka na simu inatikisika, inaelekea juu ya ua, kisha inarudi kwa mbuzi. Evariste na Rosine walikuwa wamekipitia mara nyingi na macho yao yalikuwa kwa mbuzi.

"Simamisha," Mama Ushindi alisema. "Papa Evariste, rudisha kidogo."

Evariste akachukua rimoti, akarudisha, akasimamisha. Nyuma ya ua wa matete, kwenye pembe ya kioo, palikuwa na paa la bati lililoinama upande mmoja, moshi mwembamba, na kitenge cha manjano kimeanikwa kwenye kamba.

Mama Ushindi alisimama, akasogea mpaka akawa karibu na Victoire. Hakugusa kioo. Alisema lile ni jiko lake. Alisema lile bati aliliweka mume wake kabla hajafariki, na kila mtu alimwambia litaanguka, na halikuanguka. Kitenge kile alikivaa siku ya ubatizo wa mwanawe Ushindi. Alisema yote haya polepole, kwa mtoto, kwa sababu mtoto ndiye aliyekuwa karibu. Hakuwa na picha hata moja ya kwake. Ndugu zake walikuwa kijijini, na hakuna aliyekuwa na simu ya kurekodi. Alikuwa amekwisha kubali kwamba nyumba yake haiko popote.

Rosine alikwenda akasimama upande wake. Victoire akauliza ndani ya jiko lile kulikuwa na nini, na Mama Ushindi akakunja sketi yake, akaketi sakafuni, akaanza kumweleza: mafiga yalipokaa, debe la maji, paka aliyelala juu ya kuni. Chakula kilipoa na hakuna aliyekijali. Evariste alibaki na rimoti mkononi. Alikuwa tayari anafikiria atakavyokwenda kwa Jolie kesho mchana, kukikata kile kipande, kukikuza kadiri kinavyovumilia bila kupoteza sura, na kukipunguza mwendo ili moshi ule uchukue muda zaidi kupanda.

Mama Ushindi alipomaliza habari za paka, alimgeukia.

"Iache ipite tena," akamwomba. "Pamoja na mbuzi."